Truphosa Nekesa, Fundi wa Magauni wa Hallunda (1971–2024)

Marehemu Truphosa Nekesa, tunayemzika leo hapa Botkyrka, Sweden, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1971 Kimilili, Bungoma. Ninayesoma ni mimi Maryanne, mdogo wake.

Alisoma Kimilili hadi darasa la nane, kisha akajifunza ushonaji Bungoma mjini, 1988 hadi 1990. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Ephraim, akamfuata Stockholm alikokuwa akisoma. Walijaliwa binti mmoja, Rebecka. Mwaka 2009 Ephraim alihamia mji jirani wa Södertälje, hakurudi. Hawakutalikiana. Dada alisema kiapo ni kiapo, akangoja.

Cherehani yake chumbani Hallunda ndiyo iliyowalisha yeye na mtoto. Kila gauni aliliachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono. "Utanenepa, mama," aliwaambia wateja, "keki za huku hazina huruma." Wengi wenu mliovaa vitenge leo, hiyo ni kazi ya mikono yake.

Mwaka 2018 nilimpelekea vipimo vya bibi harusi wa Nairobi. Nilijua kwamba bwana harusi ni Ephraim, ndiye aliyenituma. Niliogopa kumwambia dada, nikajidanganya kwamba kazi ni kazi. Alishona wiki tatu, akitia shanga moja moja. Kisha picha za sherehe zikaingia kwenye WhatsApp ya kanisa, naye akalitambua gauni. Alinipigia simu akauliza, "Maryanne, ulijua?" Tangu siku hiyo hakushona tena gauni la harusi. Alibaki kubadilisha zipu na kufupisha suruali za watu.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya kongosho. Alijishonea gauni jeupe la kuzikiwa, akalipunguza mara tatu kadiri alivyokonda. Mara ya tatu alishindwa kujipima, nikachukua utepe wa kupimia nimsaidie. Aliusukuma.

"Wewe usinipime," alisema, akamwita Rebecka.

Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 3 Novemba, mchana.

Ameacha binti yake Rebecka, kaka yetu Jonathan aliye Kimilili, na mimi. Kamati ya mazishi ilitaka jina la Ephraim, kama mume, litangulie, nimelitoa. Langu pia nilitaka kulitoa, lakini Rebecka alikataa. "Liache, mama mdogo," aliniambia. "Ila sema ulichofanya."

Nimesema. Aliyepaswa kusikia hasikii tena. Bwana ampe amani tuliyomnyima.