Msichana wa Sang-u Anataka Nini?

Nje ya duka la Mama Hwang, pale mteremko wa mtaa wao katika jiji la Busan, Korea, unapoanzia, kuna benchi la plastiki na mashine ya kahawa inayokohoa kabla ya kumimina. Hapo ndipo Byeon Sang-u alipoileta riwaya yake ya vijana, Jumamosi ile, baada ya mhariri kuirudisha na maneno mawili tu: “Haina moyo.” Shujaa wake alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Sang-u, mwalimu wa udereva mwenye kitambi na miaka hamsini na mbili, alijua mwenyewe kwamba amemwandika kama mtu aliyefunga mkanda wa gari: hasogei.

— Tatizo ni dhamira, alisema jirani waliyemwita Meya, kwa kuwa aligombea umeya mara moja akapigiwa kura na mkewe tu, tena kwa kusitasita. — Binti anataka kuikomboa nchi.

— Kutoka kwa nani, kaka? aliuliza Sang-u.

— Utajaza baadaye.

— Acha siasa! alidakia mlinzi wa maegesho ya magari, waliyemwita Jenerali. — Muundo ndio uliopinda. Sura ya kwanza, kimbunga kinang'oa paa. Ya pili, kinang'oa tena.

— Paa lilelile? aliuliza Sang-u.

— Hapo ndipo msomaji anaposhtuka!

— Basi binti awe mbweha wa mikia tisa, yule wa hadithi za kale anayejigeuza mtu, alisema Meya. — Agombee urais.

— Mikia ataificha wapi kwenye mabango? aliuliza Jenerali.

— Wee! Hiyo ndiyo siri ya kitabu!

Sang-u aliandika yote. Aliona ni upuuzi, lakini aliandika, kwa sababu nyumbani tangu majira ya baridi hakuna aliyemjibu zaidi ya “ndiyo” na “nimeshiba.” Binti yake, Da-on, alikuwa akila haraka na kufunga mlango wake.

Ndiye huyo aliyetokea sasa, ametumwa na mama yake kumwita baba kula. Aliinama kwa adabu, akachungulia karatasi.

— Samahani, wajomba. Huyu msichana anataka nini?

Jenerali aliibofya mashine ya kahawa, ikakohoa.

— Nchi… alijaribu Meya.

— Mikia, alinong'ona Jenerali.

— Baba, ulimwuliza nani?

Sang-u alizitazama karatasi zake. Miaka miwili ya kuandika usiku, na chumba cha msichana wa umri uleule kilikuwa hatua chache kutoka mezani pake.

— Sikumwuliza mtu, alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: — Wewe je? Unataka nini?

Da-on aliitazama kalamu ya baba yake.

— Sijui bado. Ila uniulize bila kalamu mkononi.

Sang-u akaiweka kalamu juu ya benchi, wakapanda mteremko pamoja, polepole. Da-on aliongea, naye akasikiliza.

Nyuma yao Meya alishainyakua kalamu.

— Sura ya tatu, Jenerali. Haraka, kabla hajarudi!