Kahawa Niliyoshindwa Kutafuna

Habari za mchana, ndugu zangu. Mama mwenyekiti ameniomba nisimulie habari za taya langu, ila nisirefushe, maana sisi wenye kisukari saa ya kula ikifika hatuna simile. Nitajitahidi.

Kwetu ni Izigo. Nalima migomba na kahawa kama wengi wenu. Jino langu la nyuma lilitoboka, nikaenda kliniki moja ya meno huko Bukoba mjini, jina lake tuliache. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinilaza kwenye kiti, mashine ikalia huku ikinimwagia maji mdomoni, akasafisha mzizi, akaziba. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Baadaye taya likaanza kuvimba. Nikapewa dawa, nikamaliza, nikapewa nyingine. Uvimbe unanywea kidogo, kisha unarudi na nguvu mpya. Mwisho mdomo ukakataa kufunguka, nikawa mtu wa uji tu. Na mnajua wenyewe sukari inavyotuchezea tukiwa hatuli vizuri.

Ndipo wifi yangu akaja kunijulia hali. Huyu ni dada wa mume wangu, ndiye aliyenipokea siku nilipoolewa, na shamba lake linapakana na langu. Alikuja na kahawa za kutafuna, akanitilia mbili kiganjani. Kwetu Uhayani sina haja ya kuwaeleza. Mtu akikupa kahawa amekwambia moyo wake mweupe, nawe unaitupia mdomoni palepale, maongezi yanaendelea. Mimi nikafumba kiganja. Nilijaribu kumweleza, yakatoka manung'uniko. Akautazama mkono wangu, akachukua kanga yake, akaondoka.

Jioni nikasikia amesema, "Anadhani nimemtilia kitu." Nikamtuma mume wangu akaeleze. Akajibiwa, "Mwambie aje mwenyewe." Nami kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari! Ndugu zangu, nawaambia, nililia sana. Taya lilikuwa limejaa usaha, linauma, lakini kumsikia wifi akikohoa shambani kwake bila kuniita kuliuma zaidi.

Nikapelekwa hospitali. Daktari wa pale akaniambia ukweli: ugonjwa umeanza kuingia kwenye mfupa, na tukichelewa mfupa wenyewe utakatwa. Akachukua usaha, ukapimwa. Majibu yalipokuja akaniuliza, "Mama, ulioga ziwani?" Nikamjibu kwa kubana meno kwamba mimi na ziwa tunasalimiana kwa mbali. Akasema mdudu aliyeonekana ni wa kukaa kwenye maji, na mwili wenye kisukari humpa nafasi. Kisha akauliza kama nimewahi kutibiwa jino, nikamtajia ile mashine iliyonimwagia maji mdomoni.

Mume wangu akawaka. Tulifika kliniki ile amekunja mikono ya shati, mimi nimejifunga kitambaa kichwani kama mwenye matubwitubwi. Nilijua kijana atakana. Hakukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akachomoa ule mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye mashine, akaukata kwa wembe, akaupasua mbele yetu. Ndani mlikuwa na utelezi, umegandamana kwenye kuta.

Utelezi ule niliufahamu! Marehemu baba mkwe alikuwa na mrija wake wa kunywea rubisi, pombe yetu ya ndizi, na akisahau kuuosha, ndani unashika utelezi hivyohivyo, hata rubisi yenyewe iwe nzuri namna gani.

"Maji ninayotia ni safi, mama," kijana akasema. "Lakini yanalala humu ndani, wadudu wanajishika, wanazaana. Nilisafisha chupa ya maji ya mashine, huku ndani ya mpira sikufika. Nisamehe." Macho yake yalilowa. Mume wangu akashusha mikono ya shati. Siku ileile kijana alifunga kliniki, akabadilisha mipira yote, akaanza kuwapigia simu wagonjwa wake kuuliza hali zao. Nilikwenda na hasira, nikajikuta namwonea huruma.

Nikaomba kipande cha mpira ule. Akakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaniambia nisikiguse kwa mkono mtupu. Gari ya Muleba iliposhusha watu Izigo, sikwenda kwangu. Nilikokotwa na mume wangu hadi kwa wifi, nikamwekea ule mfuko mezani. "Hiki ndicho kilichoniumiza," nikasema, "kahawa yako ninayo." Nikafungua fundo la kanga, zilikuwamo zote mbili. Akashika kichwa. "Maawe! Wifi, na mimi nimekuacha na njaa!" Tukalia kama watoto.

Dawa sahihi nilimeza muda mrefu, mfupa ukakwanguliwa bila kukatwa, na uji wangu wote aliupika yeye. Kwa hiyo namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari wote wawili, yule aliyegundua na yule aliyekubali kosa, na mume wangu kwa kushusha mikono ya shati. Nanyi ndugu zangu, mkienda kwa daktari wa meno semeni mapema kwamba mna kisukari, na muulizeni kwa upole jinsi anavyosafisha mipira ya maji. Msiogope kuonekana wajuaji. Kijana wetu sasa huitia dawa, na huyamwaga maji yaliyolala kabla ya kumgusa mtu. Mimi bado natibiwa kwake.

Wifi yupo pale nyuma, anajificha. Njoo, wifi, nipe kahawa, nizitafune mbele yao wakisikia.