Nyumba Thelathini na Moja za Potlako

Mgeni rasmi, Ntate Mohlouoa, Mkurugenzi wa Shirika la Posta, chifu wetu, na ninyi wakazi mliojitanda mablanketi ya sikukuu:

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa Posta ya Ha Ramosoeu, tulio watatu tukimhesabu na farasi, tunakukaribisha milimani. Tulifikiria gwaride, lakini wawili hawatoshi mstari na wa tatu hapendi kupangwa.

TULIKOTOKA
Kituo hiki kilianza enzi wanaume wetu walipokuwa migodini Afrika Kusini. Barua zilipanda huku magunia kwa magunia, na tarishi alisubiriwa kuliko mvua. Tulijidai sana siku hizo. Kisha migodi ikapunguza watu, simu zikaingia, gunia likawa mfuko, na mfuko ukabaki na bahasha nne, moja ikiwa tangazo la mbegu.

Mwenzetu farasi hakuambiwa. Anaitwa Potlako, yaani Haraka, jina alilopewa kabla tabia yake haijajulikana. Njia alijifunza utotoni, akimfuata mama yake aliyebeba magunia.

TUNAYOJIVUNIA
Hatujawahi kupoteza barua. Mwaliko wa arusi wa Ntate Sekete ulikaa nyuma ya mizani yetu miezi kumi na minne, na siku tulipouona tuliupeleka siku hiyo hiyo. Ntate Sekete alikwenda, akamkuta mtoto wa maarusi anatambaa, akala, akarudi. Hatukumwomba radhi. Tulimwomba asimwambie mtu.

YANAYOTUSUMBUA
Ni farasi. Tarishi wetu, Ntate Lekhooa, akipewa barua nne hushinda njiani kutwa, na makao makuu yameuliza, kwa haki kabisa, huwa anakwenda wapi.

Huenda nyumba thelathini na moja. Potlako husimama kila nyumba aliyosimama na mama yake, iwe na barua au isiwe nayo, wala haondoki mpaka mtu atoke asalimie. Tumemvuta, tumembembeleza, tumemtukana. Mkaguzi mmoja alijaribu kiboko, akarudi kwa miguu.

Basi Ntate Lekhooa husalimia. 'M'e Mantšebo, bibi wa miaka themanini na sita, humuuliza kila Jumanne, "Kuna yangu, mwanangu?"

"Leo hakuna, 'm'e. Farasi ndiye aliyetaka kukuona."

"Basi yeye aingie, wewe baki hapo nje."

Februari iliyopita Potlako alisimama pale na mtu hakutoka. Akagoma kuondoka. Ntate Lekhooa alimtukana farasi mpaka maneno yakamwishia, ndipo akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta bibi ameanguka tangu jana yake, nyonga imevunjika. Leo yupo hapa mstari wa mbele na mkongojo wake. Katika taarifa ya mwezi ule tuliandika: "Barua zilizofikishwa, nne. Ucheleweshaji, siku nzima. Sababu, farasi." Fomu haikuwa na mahali pa kuandika zaidi.

MAOMBI
Tuliandaa maombi tisa, likiwemo la paa. Manane tumeyafuta.

Wiki mbili zilizopita Shirika lilituletea barua za kuwaarifu wakazi kwamba njia ya farasi itafungwa mwisho wa mwezi huu. Kila nyumba ina barua yake, jumla thelathini na moja. Tangu Potlako aanze kazi, haijatokea siku ambayo kila anaposimama pana barua.

Mgeni rasmi, tunakiri kwamba hatujazipeleka. Kanuni tunaijua, na kosa ni letu. Wakazi, jambo hili mnalisikia leo kwa mara ya kwanza; tusameheni. Ntate Lekhooa ametandika farasi mara mbili, na mara zote mbili ameshindwa kupanda. Alituambia, "Miaka kumi na moja namwambia 'm'e Mantšebo hakuna barua. Sasa niende na hii?"

Tunaona haya kuomba, lakini tunaomba. Zichukue urudi nazo Maseru, au uzipeleke wewe mwenyewe. Farasi yuko nje, ametandikwa. Usijisumbue kuuliza nyumba, atasimama.

Mungu akujalie amani, mvua na neema, wewe na nyumba yako.

Ni sisi, wafanyakazi wa Posta, Ha Ramosoeu.
Imesomwa na Puseletso Nthako, wa dirishani.