Daftari la Vitabu la Mama Melifa

Wapendwa waombolezaji, nimetumwa kuwasomea maisha ya mama yangu. Mwenyewe angeniagiza nisome polepole na nisimeze maneno.

Marehemu Melifa Kamtukule alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika kijiji cha Namasalima, Zomba, mtoto wa pili wa Mzee Chingwalu. Shule ya misheni ilikuwa mwendo wa saa mbili, na shambani mikono ilihitajika. Babu akasema aende mmoja. Kaka yake, Mjomba Laisoni aliyeketi hapa mbele, akajibu, "Aende Melifa. Mimi herufi zinanitia usingizi." Mama alishikilia mpaka mwisho kwamba ule ulikuwa uongo.

Alihitimu ualimu mwaka 1966, akafundisha shule za msingi miaka thelathini na sita. Tarehe 9 Agosti 1969 aliolewa na marehemu baba yetu, Wyson, karani wa posta, mtu mpole aliyezoea kula nsima, ugali wa kwetu, ikiwa imepoa kila mkewe aliposema amebakiza sura moja tu. Sura moja ya Mama haikuwahi kuwa moja.

Daftari alilianza alipostaafu. Kila kitabu alichomaliza, kiwe cha watoto au riwaya ya zamani nene kama tofali, alikiandikia maoni, na hakumwogopa mwandishi yeyote. Kuhusu riwaya ya binti aliyesubiri barua miaka ishirini aliandika: "Nimelia ukurasa wa 212. Nina hasira na mwandishi, maana alijua nitalia." Kuhusu kitabu cha watoto cha nyani mtiifu: "Picha nzuri. Nyani anahubiri mno. Watoto wana wazazi wa kazi hiyo."

Kila Jumapili baada ya chakula alikwenda kumsomea Mjomba, naye Mjomba alibishana na wahusika kana kwamba ni majirani zake.

Figo zilianza kumsumbua Februari mwaka jana. Macho yalipofifia, nilimsomea mimi, na maoni akanitajia niandike. Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na minane. Ametuacha na upweke mkubwa, sitauficha.

Jana mchana Mjomba aliagiza, kwa desturi yetu, kikombe cha Mama, miwani na daftari viende naye kaburini. "Alichokishika kila siku hakigawanywi," alisema. Nilipobisha aliniambia, "Atupele, wewe mtoto. Msiba una wenyewe." Ni kweli, na mwenyewe ni yeye. Nikamwomba anikubalie nimsomee ukurasa mmoja tu wa daftari kabla hatujalifunga pamoja na kikombe na miwani.

Niliusoma ule wa kitabu cha kobe aliyemwachia mdogo wake shimo lake, akalala nje kwenye mvua. Mama ameandika: "Kaka Laisoni anasema kobe hakupoteza kitu, na mdogo wake asihangaike kushukuru. Nimemsomea tena ili nimsikie akisema hivyo mara ya pili. Mimi sijawahi kumshukuru. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia usoni nitashindwa."

Mjomba alivua kofia, akajifuta uso nayo.

"Kumbe nami nimo humo?"

"Umo kila Jumapili, Mjomba."

"Miaka yote hiyo?"

"Ishirini na mitatu."

"Basi lirudishe ndani ya nyumba," alisema. "Mnataka kunizika nami ni mzima?"

Hakuna aliyemkumbusha kwamba amri ilikuwa yake.

Marehemu ameacha kaka mmoja, watoto watatu, wajukuu tisa na daftari moja. Kikombe na miwani ameondoka navyo. Jumapili hii, baada ya chakula, nitakuwa kwa Mjomba na kitabu.

Pumzika kwa amani, Mama. Zamu ya kusoma tumeipokea.