Ngoma ya Kuombewa Ruhusa

Enzi hizo Mjerumani ndiye serikali, na reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi tu. Nyuma ya stesheni Swedi aliuza kahawa kwenye benchi la gogo, na hapo ndipo tulipokaa asubuhi ile, tumejaa hasira. Juu ya mji Wajerumani walikuwa wamejenga tuta la udongo kuzuia mafuriko yasizoe reli yao. Maji yakizidi, walifungua lango la pembeni yamwagike bondeni, kwenye mashamba ya watu. Mlinzi, Yoramu, alitakiwa kupiga ngoma kwanza, watu wapande mlimani. Jana lango lilifunguliwa. Ngoma haikulia.

— Nyumba za tembe zimekwenda na maji, alisema Sila, mfugaji tuliyemwita Ndewe kwa ajili ya masikio yake yenye matundu makubwa. Na mama Raheli wa kule bondeni haonekani.

— Wamekusudia! alifoka Seleman, ambaye kijiweni ni Mataruma, maana alilaza mataruma ya reli toka Morogoro. Wanataka bonde liwe tupu wapande katani.

— Katani kwenye tope lile?

— Basi watafuga mamba! Mfalme wao Kaiza anapenda ngozi ya mamba!

— Watu wamezolewa, wewe unaleta mamba!

Hakucheka mtu. Ndewe akamgeukia Yoramu, aliyekaa pembeni, shati begani.

— Na wewe? Mikono ilikatika?

Yoramu akatugeuzia mgongo. Vidonda vilikuwa bado vibichi.

— Wiki iliyopita nilipiga. Maji yakapungua yenyewe. Bwana wa tuta, Mjerumani msimamizi, akasema nimewatisha vibarua bure, wamekimbia kazi. Nikalazwa chini, nikala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Tangu hapo, hakuna ngoma bila ruhusa yake. Jana nimekimbia kuiomba. Naambiwa bwana anakula, ngoja. Nikiwa mlangoni kwake, huko nyuma wenzake wakafungua lango.

— Ungepiga tu!

— Viboko ungekula wewe?

Ndewe akatema mate chini.

Ndipo akaja Loisi, bintiye Raheli, tope hadi magotini.

— Tumempata mama, alisema. Paa lilimlalia.

— Pole, mwanangu, Swedi akamwambia, akamsogezea kikombe. Hakukipokea. Alikuwa anatazama upande wa Mvumi, kulikokuwa kumefunga mawingu meusi.

— Mvua ile ikishuka leo, nani atapiga ngoma?

Swedi akajifanya anachochea makaa.

Yoramu akasimama. Alivaa shati taratibu, akauma meno kitambaa kilipogusa mgongo, akashika njia ya tutani bila kutuaga. Mataruma akamfuata, akitukana kwa Kijerumani kibovu alichookota relini.

Tone la kwanza lilikuwa bado halijaanguka tuliposikia ngoma. Bondeni watu wakaanza kupandisha watoto na mbuzi, Loisi mbele yao akiwaita kwa majina.

Kisha tukawaona askari wakitoka stesheni mbio, kuelekea tutani.