Ngozi Iliyobaki Kwenye Jiwe

Barazani petu Mkunazini, baada ya alasiri, tunabishania kila kitu isipokuwa lile linalotuuma. Siku hiyo lilikuwa ndani ya nyumba ileile tuliyoegemea ukuta wake. Salhiya alikuwa akifunga sanduku: ndege ya Maskati jioni, kazi za nyumbani miaka miwili, na mwanawe hata meno hajamaliza kuota. Kaka yake Qais, anayetembeza wageni msitu wa Jozani, alikaa nasi kungoja gari. Hakuna aliyethubutu kumuuliza habari ya safari. Akaanza mwenyewe, na mengine kabisa.

— Yakhe, kuna mnyama aliruka zama za dinosaria. Ana manyoya, ana meno, mdogo kama kindi.

— Popo huyo, akakatiza Talal, tunayemwita Hakimu kwa kuwa huhukumu kabla hajasikiliza.

— Si popo, hapigi mbawa. Ana ngozi toka mkono mpaka mguu. Anajitupa, anaitandaza, anaelea mpaka mti wa pili. Wamemkuta China, ndani ya jiwe. Miaka milioni mia na sitini, na alama ya ngozi bado ipo!

— Subhanallah, akasema Msabah, fundi cherehani. Mie shati nnaloshona halifiki Idi ya pili.

Hakimu hakukubali kushindwa.

— Basi komba wanaoruka Michenzani ndio wajukuu zake.

— Hana mjukuu. Hata kindi warukao wa leo si ukoo wake. Ukoo ule ulikatika wote.

— Haukukatika! Waliruka mno wakapitiliza. Wako mwezini.

Tukacheka, ila Msabah. Yeye alikuwa akitazama juu, baina ya mapaa, ambako mbingu yetu ina upana wa kanga.

— Chini madude yanatetemesha ardhi, na kijinyama kile kinapita juu yao kimya. Wallahi mwili umenisisimka.

Na wangu pia.

Mlango ukafunguka. Salhiya alitoka kavaa buibui, mtoto kifuani. Kumbe alikuwa akitusikia dirishani.

— Kaka, huyo mnyama akiwa na mtoto, akiruka humwacha wapi?

Qais, anayejibu maswali ya wageni kutwa, akainuka.

— Sijui, dada yangu.

Honi ikalia barabarani, maana vichochoroni gari haipiti. Salhiya akamnusa mwanawe utosini, akakawia hapo, kisha akamweka mikononi mwa kaka yake.

— Mshike vizuri, akasema. Mie nnakwenda.