Msimnyamazishe Mbona

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, na hilo sanduku la shule mlilolisimamisha mlangoni liondoeni kwanza, maana tangu asubuhi nalitazama na pumzi inazidi kunibana. Mkwe wangu, usilie, sikugombezi. Nisikilizeni tu wakati sauti bado ipo, kwani nikishafumba macho nani atawazuia?

Chumba hiki cha kushonea na vile vya nyuma ni vyako wewe mwanangu na dada yako, mgawane bila kununiana, na ule ugomvi wenu wa uzio muuzike pamoja nami. Cherehani si yenu. Cherehani ni ya mjukuu wangu, isiuzwe hata mkiambiwa imepitwa na wakati, na ni kwa ajili ya mtoto huyo nimewaita.

Jamani, mmesahau alivyokuwa? Tulimwita Mbona kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake: mbona cherehani ina nyuzi mbili na nguo ina mshono mmoja, mbona mwezi unatufuata, mbona shangazi anakoroma halafu anasema hajalala. Alinichosha, kweli kabisa! Kisha ikaja tuisheni ya alfajiri, tuisheni ya jioni, na mitihani ya majaribio kila Jumamosi, akawa wa kwanza darasani, mkashangilia. Lakini ni lini mmemsikia akiuliza kitu? Anakariri usingizini, anatapika kila siku ya mtihani, na nikimpa kipande cha kitambaa achezee anasimama tu, anasubiri aambiwe jibu sahihi. Kitambaa, wanangu! Nilijifungia chooni nikalia.

Wewe baba yake, unaikumbuka ile suruali uliyoikata miguu yote miwili ya kushoto? Ulikuwa na umri kama wake. Wateja walicheka mpaka machozi, ukanuna, ukatandika vitambaa sakafuni ukavigeuza mchana kutwa, na mimi nikanyamaza ingawa ulimi uliniwasha, kwa sababu humu ndani aliyekosea mshono ndiye aliyeufumua. Mpaka ukapiga kelele, "Mama, nimeona!" Leo unachora majumba ya watu. Na juzi binti yako kachora nyumba yake imeinama, ukampokonya kalamu ukainyoosha mwenyewe. Kwa nini, mwanangu? Najua unaogopa asije akabaki nyuma, kila mzazi mtaani humu anaogopa hivyo, na hofu hiyo ndiyo mnayomlisha asubuhi na jioni.

Sasa kesho mnampeleka bweni, shule ile ya ukuta mrefu ambayo mwalimu mkuu wake alijisifu mbele yangu kwamba watoto wake hawapati hata nafasi ya kucheza. Nawasihi. Sijawahi kumpigia mtu magoti, na leo magoti yenyewe hayainuki, ila chukulieni kwamba nimeyapiga. Asiende. Mpelekeni shule ya hapa jirani, arudi mchana na viatu vichafu, akosee, afumue, ashone upya. Awe wa kumi, awe wa mwisho, lakini awe mzima, nawaomba, awe mzima.

Nipeni maji... basi, yametosha. Yuko wapi? Mleteni, msimfiche nyuma ya pazia. Njoo, mama, nishike mkono, hivyo hivyo.

Wanangu, Mungu awape mikono isiyokosa kazi, na nyumba hii isikose... isikose kelele za watoto. Mnizike na tepu yangu ya kupimia shingoni, nisionekane mgeni huko niendako...

Unasema nini, mjukuu wangu? Sema tena, kwa nguvu, baba yako asikie.

Mmesikia? Ameuliza... mbona mkono wa bibi una baridi. Hapana, mkwe wangu, usimzibe mdomo! Wala msimwambie nimelala. Ameuliza, jamani... mjibuni. Mjibuni kweli.